Je, Wajua? Wanawake wa Msituni, Kutoka Masisi Hadi Walikale

Je, wajua kwamba Masisi na Walikale, wilaya mbili zinazopakana katika Kivu Kaskazini, zinafanana kidogo mno? Walikale ina kilomita za mraba zipatazo 23,475, na sehemu kubwa bado ni msitu. Masisi ina 4,734 tu, na ukipanda kutoka mji wa Sake unakutana na vilima vya nyasi na makundi ya ng'ombe. Jibini ya Masisi inayoliwa Goma hadi Kinshasa inatoka kwenye malisho ambayo zamani yalikuwa miti. Wambuti, ambao wengi huwaita Watwa, walikuwa wenyeji wa pande zote mbili. Walikale bado wana msitu wa kuulinda. Masisi wengi wanaishi kandokando ya mashamba ya watu wengine. Anayetaka kuelewa kwa nini wanawake wa Walikale wanaung'ang'ania msitu wao, aiangalie Masisi kwanza.

Je, wajua msitu wa Masisi ulianza kuondokaje? Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianza kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzipeleka Gishari, huko Masisi, ili mashamba ya walowezi yapate vibarua. Mpango huo ulidumu hadi 1955 na ukahamisha makumi ya maelfu ya watu, ambao hawakuwa na kauli juu ya ardhi waliyopangiwa. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1973 iliyotangaza kwamba udongo wote ni mali ya dola, na mashamba makubwa yakaangukia mikononi mwa wenye vyeo na fedha. Kila hati ilipoandikwa, Wambuti hawakuwepo mezani. Mwanamke ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu uyoga, viazi vya mwituni, majani ya dawa na kuni ni vitu alivyovichuma kwa mikono yake. Msitu ulipokwisha, alibaki kulima shamba la jirani ili apate chakula cha siku hiyo. Huo ni unyang'anyi, hata kama ulipigwa mihuri yote.

Je, wajua kwamba kwa Wambuti wa Ituri, kaskazini zaidi, nyumba hujengwa na mwanamke? Yeye ndiye anayepinda fito na kuziezeka kwa majani mapana. Colin Turnbull, aliyeishi nao miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1961, alieleza jinsi mke aliyeudhiwa anavyoanza kuchomoa majani ya nyumba, moja baada ya jingine, kambi nzima ikitazama. Kwa kawaida mume hutuliza mambo mapema. Safari moja mume alikaidi, mke akaendelea, na wote wawili wakawa hawana pa kurudi. Ikabidi isemwe kwamba majani yalikuwa machafu tu. Yakapelekwa kijitoni, yakaoshwa, na nyumba ikaezekwa upya. Watu wanaosema mwanamke wa msituni hajui kupinga jambo hadharani wangefaa kuijua habari hii.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega inaingia hadi Walikale? Ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000. Maelfu ya Watwa walifukuzwa kwenye makao ya babu zao bila fidia ili sokwe walindwe, na hao hao ndio waliokuwa wameishi na sokwe hao miaka yote. Mwaka 2015 shauri lao lilifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul. Uamuzi ulipotangazwa mwaka 2024, ulisema wazi kwamba Kongo ilivunja haki za Watwa, na kwamba wanastahili kurudishiwa ardhi yao na kuombwa radhi. Waliofukuzwa wakiwa wasichana walikuwa bibi tayari.

Je, wajua kwamba utenzi mkubwa wa Wanyanga wa Walikale una agano la kulinda wanyama? Ni kisa cha Mwindo, kilichosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga. Mwindo anaua dude la msituni lililowameza wawindaji wa Kimbuti, kumbe dude hilo ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anampandisha mbinguni, anamtesa kwa baridi na jua, kisha anamkataza asiue tena mnyama wa porini wala wa kijijini. Na anayemshauri shujaa huyu ni nani? Ni shangazi yake, Iyangura. Mamlaka ya mwanamke wa kumwambia mtawala "basi, inatosha" yamo katika masimulizi ya Walikale tangu kale.

Je, wajua kwamba njia za wanawake wa Afrika Mashariki za kutetea ardhi ni nyingi mno? Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu mwaka 1913, na Waingereza wakalipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa watu wake, mwaka uliofuata. Wanawake wa Kimaasai wa Loliondo walirudisha kadi za chama tawala mwaka 2010. Huko Apaa, kaskazini mwa Uganda, akina mama wazee walivua nguo mbele ya mawaziri mwaka 2015, na kwa Waacholi hiyo ni laana nzito. Jirani kabisa, Kivu Kusini, Neema Namadamu, aliyepata polio utotoni, alianzisha kundi la Maman Shujaa mjini Bukavu, kisha akashirikiana na wanawake wa Kitwa kupanda miti kandokando ya msitu wa Itombwe.

Je, wajua kwamba tarehe 15 Julai ina uzito wa pekee kwa mwanamke wa asili nchini Kongo? Tarehe 15 Julai 2016 sheria ya familia ilibadilishwa, na mke akaacha kuhitaji ruhusa ya mumewe ili afanye tendo la kisheria. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Julai 2022, ikatiwa saini sheria namba 22/030 ya kulinda watu wa asili, ambayo inakataza kuwahamisha bila ridhaa yao wenyewe. Kabla ya hapo, mwanamke wa Kimbuti mwenye mume alizuiwa mara mbili: kwa kuwa mke, na kwa kuwa Mbuti.

Je, wajua kwamba jamii ya Kongo inaweza kumiliki haki ya msitu milele, bila kulipia? Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba hadi hekta 50,000, na gavana wa jimbo ndiye anayetia saini. Walikale ni miongoni mwa sehemu zilizoitumia nafasi hiyo mapema. Hapa ndipo ninapoona vita halisi ya wanawake, ingawa haina kelele za barabarani. Kabla ya kuomba, lazima msitu uchorwe ramani. Wanaume wakichora peke yao, huweka njia za kuwindia na mipaka ya koo. Wanawake wakiitwa, wanaongeza vijito wanavyovizuia kwa udongo wakati wa kiangazi ili wachote samaki, mahali pa uyoga, na miti ya dawa za uzazi. Sehemu isiyochorwa haitetewi na mtu siku mkata mbao anapofika na shoka. Ndiyo maana kumwacha mama wa Kimbuti nje ya kikao cha ramani ni sawa na kumpa mtu mwingine shamba lake.

Je, wajua vita imefanya nini? Waasi wa M23 waliingia Masisi-kati mapema Januari 2025, wakafika mji wa Walikale mwezi Machi. Mgodi wa Bisie, unaotoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia, ulisimama kwa wiki kadhaa, na habari hiyo ikazunguka masoko yote ya madini. Vikao vya misitu vilivyokatizwa, na akina mama waliokimbia na watoto mgongoni, havikutajwa kwenye bei ya siku. Bati ilianza kuchimbwa tena Aprili. Hati za msitu zilizokwisha kutiwa saini hazina tarehe ya kwisha, na mama aliyekimbia akirudi bado ni mmoja wa wenye haki.