Utumbo Unapojifunga Fundo

Soma kisa hiki cha mfano. Mkulima wa Nyashimo, wilayani Busega, ameshinda shambani bila kula. Usiku anakula ugali mwingi kwa mlenda, anakunywa maji mengi, analala. Alfajiri anaamshwa na maumivu makali ya tumbo. Anatapika, hapati choo, hata hewa haitoki. Kufikia saa nne asubuhi tumbo limejaa kama ngoma na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Ana tatizo gani?

Sehemu ya utumbo mpana iliyo kabla ya puru ina umbo la herufi S, nayo huitwa sigmoidi. Imening'inia kwenye utando uitwao mesenteri, ambamo hupita mishipa ya damu. Sigmoidi ikiwa ndefu na shina la utando wake likiwa jembamba, huweza kujisokota. Msokoto huo madaktari wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri. Ulio nadra zaidi ni fundo: utumbo mwembamba unaizunguka sigmoidi na zote mbili zinakabana. Mwaka 1967 J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 92 wa fundo hili nchini Uganda. Inadhaniwa kuwa mlo mmoja mkubwa wenye majimaji, ukiingia kwenye tumbo tupu, huupa utumbo mwembamba uzito na msukumo wa kuzunguka.

Hapa ndipo mtahiniwa hupoteza alama. Huandika "utumbo umeziba" akaishia hapo, kumbe hilo ni nusu ya jibu. Kinachoua haraka ni kukosa damu. Kumbuka kuwa vena zina kuta nyembamba na shinikizo dogo, kwa hiyo hubanwa kwanza. Ateri bado zinasukuma damu ndani, lakini haitoki. Utumbo unavimba, unakuwa mweusi, kisha unakufa. Bakteria na sumu huingia kwenye uwazi wa tumbo na kwenye damu, na shinikizo la damu hushuka. Yote haya huweza kutokea ndani ya saa chache. Dawa ya kuharisha haifungui fundo. Inapoteza muda tu.

Kulitambua si rahisi. Picha ya eksirei ya msokoto wa kawaida huonesha sigmoidi iliyojaa gesi, yenye umbo la punje ya buni. Katika fundo, dalili za utumbo mwembamba na mpana huchanganyika, na mara nyingi daktari hupata uhakika baada ya kufungua tumbo.

Msokoto wa kawaida, kama utumbo bado hai, huweza kulegezwa kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa. Fundo halilegezwi hivyo. Mgonjwa hutundikiwa dripu, huwekewa mpira puani wa kutoa uchafu wa tumboni, hupewa antibiotiki, kisha hukimbizwa chumba cha upasuaji. Kutoka Nyashimo, rufaa huweza kumfikisha Bugando, Mwanza. Utumbo uliokufa haufunguliwi fundo, kwa sababu huweza kupasuka na kumwaga sumu; hukatwa wote. Ncha zilizo hai huunganishwa, au ncha ya utumbo mpana hutolewa nje ya ngozi ya tumbo ili kinyesi kiingie kwenye mfuko.

Jipime:
(a) Kwa nini vena hubanwa kabla ya ateri? (alama 2)
(b) Mgonjwa akikatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, eleza athari mbili katika ufyonzaji wa chakula. (alama 4)