Jazi kwa Gitaa (3): Mstari Mmoja wa Maina, Funguo 12

Wiki iliyopita tuliishia kwenye skeli ya maina ya kimelodi, ile ambayo noti yake ya tatu peke yake ndiyo imeshushwa na nyingine zote zikabaki kama za meja. Leo tunaipa kazi. Mtu aliyelizoea gitaa atauliza mapema: kwa nini nijisumbue kupiga kifungu kilekile katika funguo zote 12, wakati nikisogeza mkono freti moja tu tayari nimebadili ufunguo? Ni swali la haki. Mpiga piano hana nafuu hiyo, maana kila ufunguo una mpangilio wake wa vitufe vyeupe na vyeusi. Nafuu hiyohiyo ndiyo inayowachelewesha wapiga gitaa wengi, na ndiyo sababu ya makala ya leo.

Tuanze na mstari wenyewe. Una noti nane ili ujaze kipimo kimoja cha mapigo manne, noti mbili kwa kila pigo. Katika D maina noti zake ni D, F, A, C shapu, B, A, G, E. Kwa hesabu ya skeli ni 1, 3, 5, 7, 6, 5, 4, 2. Kariri namba hizo kuliko herufi, kwa sababu ufunguo ukibadilika herufi zote zinabadilika na namba zinabaki zilezile.

Chukua gitaa. Kidole cha shahada kiwe kwenye uzi wa A, freti ya 5. Hiyo ni D. Kidole kidogo kibonyeze freti ya 8 ya uzi huohuo upate F. Kidole cha pete kiende uzi wa D, freti ya 7, upate A. Cha kati kikamate C shapu kwenye uzi wa G, freti ya 6, kisha shahada irudi nyuma hadi freti ya 4 ya uzi huo kwa ajili ya B. Hapo mkono unajinyoosha kidogo; usikaze bega. Teremka kwa A na G kwenye uzi wa D, freti ya 7 na ya 5, umalizie na E kwenye uzi wa A, freti ya 7. Sikiliza E hiyo ya mwisho. Haitulii, inataka kushukia D au kupandia F, na kwa sababu hiyo mstari unaungana kirahisi na chochote kinachofuata.

Sasa faida yake. Nyimbo nyingi za jazi zilizo katika maina hufika nyumbani kwa hatua tatu za kodi. Katika A maina hatua hizo ni B maina saba yenye noti ya tano iliyoshushwa, kisha E saba, kisha A maina. "Autumn Leaves" huupita mwendo huu tena na tena. Mwanafunzi hufundishwa skeli tatu za majina matatu magumu, moja kwa kila kodi, na mara nyingi hapo ndipo anapokata tamaa. Kumbe zote tatu zinaweza kuwa maina ileile ya kimelodi, imeanzishwa mahali patatu tofauti.

Itazame kodi ya kwanza: B, D, F, A. Ni D maina iliyoongezewa B, basi mstari wetu wa D unaingia bila kubadilishwa noti hata moja. Kwenye E saba, piga mstari huohuo kutoka F: F, A fleti, C, E, D, C, B fleti, G. Hiyo A fleti ndiyo G shapu, noti ya tatu ya kodi. D ni ya saba yake. F na G ni ya tisa iliyoshushwa na iliyopandishwa. B fleti na C ni ya tano iliyoshushwa na iliyopandishwa. Ukali wote ambao wapigaji wa jazi huutafuta kwenye kodi ya namna hii umo ndani ya noti hizo nane, nao unadai kutulizwa. Kinachoutuliza ni mstari uleule kutoka A: A, C, E, G shapu, F shapu, E, D, B. Kwenye uzi wa A umetoka freti ya 5, ukaenda ya 8, ukafika ya 12: umbo moja limepanda freti tatu, kisha nne. Pita hapo polepole mara kadhaa kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu sikio likishaupata mwendo huu mengine yote ya leo yatakuwa mepesi.

Mtu aliyeutumia mtazamo huu kwa upana mkubwa ni Pat Martino, mpiga gitaa wa Philadelphia aliyezaliwa 1944. Kila kodi aliyokutana nayo, iwe ya meja, ya saba au nyingine, aliigeuza kichwani kuwa maina fulani, halafu akapiga mistari ya maina hiyo. Hakujifunga na skeli moja kama tunavyofanya leo; mistari yake imejaa noti za kupitia, na inakwenda mbele bila kupumua kwa vipimo vingi mfululizo. Mwaka 1980 alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomwacha bila sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Alilazimika kujifunza gitaa upya, na miongoni mwa walimu wake wakuu zilikuwa rekodi zake mwenyewe za zamani. Mwaka 1987 alirekodi albamu aliyoiita The Return. Aliendelea kupiga kwa miaka mingi baada ya hapo, akafariki 2021. Anayetaka kusikia maina inavyoweza kubeba muziki mzima asikilize El Hombre, albamu yake ya 1967, kisha airudie hiyo ya 1987.

Turudi kwenye funguo. Gitaa lenye nyuzi wazi za E, A, D, G na B humvuta mpigaji kwenye funguo za E, A, D na G. Jazi ilikulia mikononi mwa wapiga tarumbeta na saksafoni. Tarumbeta na saksafoni ya tena ni vyombo vya B fleti, saksafoni ya alto ni ya E fleti, kwa hiyo nyimbo nyingi zikatulia kwenye funguo zenye fleti. "'Round Midnight" ya Thelonious Monk iko katika E fleti maina. "Nica's Dream" ya Horace Silver inaanza na B fleti maina, kisha inashuka toni nzima hadi A fleti maina, na kodi zote mbili zinabeba ile noti ya saba isiyoshushwa ambayo mstari wetu umejengwa juu yake. "So What" ya Miles Davis, iliyorekodiwa 1959, inakaa D maina kwa vipimo 16, inapanda nusu toni hadi E fleti maina kwa vipimo vinane, kisha inarudi D kwa vinane vilivyobaki. Anayeijua D peke yake atakuwa mgeni robo nzima ya wimbo huo.

Kwetu jina la jazz lilibebwa na bendi kama Morogoro Jazz, Western Jazz na OK Jazz ya Kinshasa, ingawa muziki wao mkuu ulikuwa rumba na dansi. Shule hiyo hufunza mkono mwepesi na mdundo usioyumba, na naiheshimu kwa moyo wote. Lakini wimbo wa dansi kwa kawaida hukaa katika ufunguo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyelelewa humo akiingia jazi, ugumu wake wa kwanza ni kuhamahama huku.

Sasa ubaya wa kusogeza mkono. Ukihamisha umbo kutoka freti ya 5 hadi ya 6 umepiga E fleti maina, lakini kichwa hakijui kimepiga nini. Wimbo wenyewe haukungojei: mara nyingi kodi inayofuata iko mbali na mahali ulipo, na ukiruka freti saba kila kodi inapobadilika, mstari unakatika. Kwa hiyo nashauri zoezi moja juu ya mengine yote. Weka mkono kati ya freti ya 4 na ya 8, usitoke hapo, halafu upige mstari wetu katika funguo zote 12. Inawezekana kabisa. Freti tano kwenye kila uzi zinatoa noti tano zinazofuatana kwa nusu toni, na nyuzi zimepishana kwa nusu toni tano au pungufu, kwa hiyo ukitoka A fleti ya chini kwenye uzi mnene hadi C ya juu kwenye uzi mwembamba hakuna noti inayokosekana.

A maina itakuwa rahisi: ni umbo lilelile la D likianzia uzi mnene, freti ya 5. G maina ndiyo itakayokusimamisha. Ukianzia uzi wa D, freti ya 5, umbo linakwenda sawa kwa noti tatu, kisha F shapu inakukuta kwenye uzi wa B, freti ya 7, wala si ya 6 kama ulivyozoea. Sababu ni kwamba kutoka uzi wa G hadi wa B pana nusu toni nne tu, si tano. Funguo nyingine zitakutaka uanze na kidole kingine kabisa. Hapo ndipo macho yanapoacha kutegemea umbo, na sikio linashika usukani.

Sikio hilo wengi wetu tunalo tayari bila kulithamini. Mwanakwaya aliyekuzwa kwa solfa anaimba wimbo uleule mwalimu akitoa do ya chini au ya juu, wala haoni ugumu. Basi imba mstari kwanza, uimbe kwa namba, moja, tatu, tano, saba, sita, tano, nne, mbili, ndipo uutafute kwenye nyuzi. Ukishindwa kuuimba katika F shapu maina, vidole vinavyoupiga vitakuwa vinabahatisha.

Kuhusu mpangilio, anza kwa kupanda nne nne: D, G, C, F, B fleti, E fleti, A fleti, D fleti, F shapu, B, E, A. Ndio mwendo ambao kodi za jazi hupenda kuufuata. Ukishauzoea, andika funguo 12 kwenye vipande vya karatasi uvichanganye, kwa sababu mzunguko nao hukaririwa ukageuka mazoea. Metronomu iwe kwenye mapigo 60 kwa dakika. Kwa kasi hiyo funguo zote 12 zinachukua sekunde 48. Mwanzoni acha kipimo kimoja kitupu kati ya ufunguo na ufunguo, uutumie kuisikia noti ya kwanza ya ufunguo unaokuja kabla hujaigusa. Usiongeze kasi mpaka kimya hicho kiwe kimeacha kukutia wasiwasi.

Wiki ijayo tutaubadilisha mstari huu mdundo, tuuanzishe nusu pigo baadaye, na kuupachika ndani ya "Nica's Dream". Uje ukiwa umeupiga katika B fleti maina na A fleti maina bila kutoka kati ya freti ya 4 na ya 8.