Kuruka kamba ao kubeba bidoni: nini inakomaza mifupa ya binti?

Binti wa Lulimba anayetoka kuchota maji na bidoni ya litre 20 amebeba kilo 20 kichwani, na kisha hapo jembe linamngojea. Ukimwambia afanye mazoezi, atacheka. Ana haki ya kucheka. Lakini kwa mifupa, kazi zote haziko sawa, na kuchoka si alama kwamba mfupa umepata faida.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna chembe zinazobomoa mfupa wa zamani na zingine zinazojenga mpya. Katika ujana wajenzi ndio wenye nguvu: kufikia miaka 18 hivi, binti amekwisha kupata karibu asilimia 90 ya akiba yake yote ya mfupa. Nyuma ya miaka 30 akiba inapungua polepole, na hedhi ikikoma inapungua mbio. Nyonga ya bibi inayovunjika kwa kuteleza kidogo, hesabu yake ilianza zamani sana.

Wajenzi wanaamshwa na nini? Na mshtuko wa ghafla, mguu unapogonga chini. Juu ya hiyo kuruka kamba, mbio fupi na mpira wa miguu vinafaa sana. Kuogelea ziwani kule Baraka ni kuzuri kwa moyo na mapafu, lakini maji yanabeba mwili, na mfupa hausikii kitu kikubwa. Baiskeli vilevile.

Tena si lazima kuruka mpaka jasho likauke. Utafiti wa Japani uliotoka mwaka 2006 ulichukua wasichana wa chuo kikuu, wakaruka juu kwa nguvu mara 10 tu kwa siku, siku 3 kwa juma, miezi 6. Mfupa wa nyonga na wa mgongo uliongezeka. Chembe za mfupa zinachoka kusikia. Baada ya miruko michache zinataka kupumzika.

Na bidoni? Uzito unakandamiza mgongo, hiyo inaweza kusaidia kiasi, lakini mwendo ni wa polepole na ni uleule kila siku, mfupa unauzoea. (Mtoto wa miaka 8 chini ya bidoni ya mtu mzima, hayo si mazoezi hata kidogo.) Mfupa unajibu pale unapoguswa: wacheza tenisi wana mfupa mnene zaidi kwenye mkono unaoshika raketi. Kutwanga sombe basi ni kazi ya mikono. Nyonga haipati sehemu kubwa.

Bila chakula, wajenzi hawana saruji. Ndagala zinazoliwa pamoja na mifupa yake, lengalenga na sombe vinaleta kalisi. Hapa ndipo hatari iko kwa wasichana wetu: anayefanya kazi ngumu na kula mara moja kwa siku anaweza kukosa hedhi, na homoni inayolinda mfupa inashuka. Hata wakimbiaji wakubwa wanapatwa na jambo hilo, na mifupa yao inapasuka. Hedhi ikikosekana miezi 3, na hakuna mimba, aende kituo cha afya.

Wamama wanaotumia sindano ya uzazi ya miezi 3 wajue nayo inapunguza mfupa kidogo, na sehemu kubwa inarudi wakiiacha. Wasiikatize wenyewe, wamuulize muuguzi kama kuna njia nyingine inayowafaa.