Si kila paka wa pori ni paka



Hapa Kirumba, kuku akipotea usiku, lawama huenda moja kwa moja kwa "paka wa pori". Kesho yake vijana hutoka na mbwa na mikuki, na mnyama wa kwanza mwenye madoa ndiye hulipa deni. Mara nyingine deni si lake. Na mara nyingine, jambo baya zaidi, deni hilo huhamishiwa kwa mama mzee anayeishi peke yake na paka mweusi. Kwa hiyo ni vema tujue tunasema juu ya nani.

Kuna paka wa nyumbani waliogeuka kuwa wa porini. Vita vimewazidisha. Mwisho wa Juni 2024 watu wa hapa walikimbia na watoto, magodoro na masufuria. Paka hafungwi mgongoni. Hushikamana na nyumba kuliko na mtu, basi hubaki na kuzaa, na watoto wasioguswa na mkono wa mtu katika majuma ya kwanza hukua wakituogopa kabisa. Macho yao hung'aa gizani kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Macho ya mbuzi hufanya vilevile, wala hakuna anayemshitaki mbuzi. Katika vitabu 66 vya Biblia yetu paka wa nyumbani hatajwi hata mara moja. Anayehubiri kwamba paka ni mjumbe wa wachawi ameyatoa mahali pengine.

Mwizi wa kuku huwa mara nyingi kanu au nguchiro. Kanu ana mwili mwembamba na mkia mrefu wenye pete, lakini si paka: ni ndugu wa fungo.

Mondo ni paka kweli. Ana miguu mirefu na masikio makubwa, hukaa kwenye majani marefu kama yale ya uwanda wa Rwindi, na chakula chake kikubwa ni panya. Anayemuua mondo anawafuga panya wa maharagi yake mwenyewe.

Wa kujificha kupita wote ni paka wa dhahabu, wa misitu ya Kongo mpaka Uganda. Rangi yake ni nyekundu-kahawia au kijivu, na ukubwa wake hufika mara mbili ya paka wa nyumbani na zaidi. Wachache sana wamemwona akiwa hai. Wawindaji ndio wanamjua, kwa maana hufa katika mitego ya waya iliyowekwa kwa ajili ya paa.

Torati haikukataza kuwinda, iliweka mpaka. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7: anayekuta kiota anaweza kuchukua makinda, lakini mama aachwe aende. Waya hauwezi kumwacha mama aende. Hauchagui. Sheria ya nchi nayo, ya mwaka 1982, inaweka masharti ya uwindaji, na ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, kuwinda ni marufuku.

Lakini mwenye watoto wenye njaa hatashiba mahubiri. Ng'ambo ya mpaka, kando ya msitu wa Bwindi, mtafiti Badru Mugerwa alianzisha kazi iitwayo Embaka: familia hupewa nguruwe wa kufuga ili waache mitego, na matibabu ya meno pia. Idara zetu za maendeleo zingeweza kuiga jambo hilo hata kwa sungura na nguruwe wachache.

Neno moja kwa wazazi. Paka wa porini anayekuja mchana bila woga asishikwe. Huenda ana raji. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo aulizwe habari ya chanjo. Msingoje dalili: zikitokea, karibu hakuna anayepona. Na nyumba ya kuku ifungwe kabla ya giza, matundu yote yazibwe, maana kanu hupenya mahali padogo sana.