Fahamu: Gurudumu lililochorwa kwa maneno ya wanawake waliopigwa

Nani anakijua zaidi kipigo cha nyumbani: mtaalamu mwenye faili, au mwanamke aliyekipata? Zamani, mara nyingi mhudumu wa ustawi wa jamii alimwuliza mke amemkosea nini mumewe, kisha akawapatanisha. Wanaharakati wa haki za wanawake walilikataa swali lenyewe, na nadhani walikuwa sahihi.

Mwaka 1984, mjini Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani, mwanaharakati Ellen Pence na wenzake waliketi na wanawake waliopigwa, wakawasikiliza. Ngumi, walisema, ni sehemu tu. Kuna kunyimwa pesa, kutengwa na ndugu, kutishwa, kudharauliwa, watoto kugeuzwa fimbo. Maneno yao yakawa mchoro wa gurudumu. Katikati yake pameandikwa mamlaka na udhibiti.

Mchoro huo hauelezi kila ukatili. Baadaye Pence mwenyewe alikiri kwamba wanaume wengi aliowasikia hawakuonyesha kusukumwa na tamaa ya kutawala.

Lakini uliyabadilisha maswali ya mhudumu: Nani anashika pesa? Unaweza kwenda kwa mama yako bila kuomba ruhusa? Usiku unamwogopa mumeo?