KUMTAMBUA NONDO MDOGO WA UFUTA

Ufuta unapochanua katika mashamba ya Miono, wilayani Bagamoyo, nondo wadogo wa aina mbalimbali huonekana wakiruka baina ya mimea. Mwanachama aonapo mwenye rangi za kupendeza huweza kudhani kuwa ndiye adui, akakimbilia dukani kununua dawa. Fedha hizo huenda zikapotea bure, kwani anayepambika si mla ufuta, na aletaye hasara ni mdogo zaidi, wala havuti macho. Kwa sababu hiyo yafaa kila chama cha msingi kijue kuwatofautisha.

Kwanza, nondo si kipepeo. Papasi za kipepeo zina kifundo kidogo kwenye ncha; za nondo hufanana na uzi au unyoya. Kipepeo akitua aghalabu husimamisha mabawa, lakini nondo huyalaza.

Nondo mwenye madoa huitwa na wataalamu Utetheisa pulchella, naye alielezwa na Linnaeus mwaka 1758. Mabawa yake ya mbele ni meupe, yenye madoa mekundu na meusi. Ya nyuma ni meupe yenye ukingo mweusi. Yakitandazwa, upana wake ni kiasi cha sentimita 3 hadi 4. Akishtuliwa huruka hata mchana. Kiwavi wake hula marejea na mimea ya jamii hiyo, ambayo ina sumu. Sumu hiyo hubaki mwilini mwake hata awapo nondo, na rangi zile ni onyo kwa ndege wasimle. Anayepanda marejea kwa ajili ya mbegu ana haki ya kumwangalia kwa makini. Mkulima wa ufuta hana ugomvi naye.

Adui wa ufuta ni Antigastra catalaunalis. Upana wa mabawa yake ni kiasi cha sentimita 2 tu, na rangi yake ni manjano iliyochanganyika na hudhurungi, yenye mishipa ya wekundu. Kiwavi wake ni mwembamba, wa kijani au manjano, mwenye vidoa vyeusi. Huyavuta pamoja majani ya kileleni kwa nyuzi kama za utando, akajificha na kula humo ndani. Baadaye hula maua, na hutoboa maganda machanga na kula mbegu. Hapo ndipo mavuno yanapopungua.

Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Njia iliyo hakika ni kumlea kiwavi. Achukuliwe pamoja na majani aliyoyasokota, atiwe katika chupa iliyofunikwa kitambaa chepesi, na apewe majani mabichi ya ufuta kila siku. Atageuka pupa, na baada ya siku kadhaa atatoka nondo. Nondo huyo akishakufa ahifadhiwe katika kisanduku cha kiberiti chenye pamba, pamoja na karatasi yenye tarehe, jina la kijiji na jina la mmea. Katibu wa chama amkabidhi afisa ugani. Ikibidi, swali lifikishwe Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, Mtwara, kinachoshughulikia ufuta na mbegu nyingine za mafuta.

Akishathibitishwa, hatua zipo. Ufuta uliopandwa mapema, mvua zinapoanza, kwa kawaida huumia kidogo kuliko uliochelewa. Vilele vilivyosokotwa, vikiwa vichache, vichumwe kwa mkono na kuteketezwa. Dawa, ikilazimu, itumike kwa ushauri wa afisa ugani, viwavi wakiwa wangali wachanga, tena jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kuondoka mauani. Kunyunyiza ovyo huua nyuki, pamoja na nyigu wadogo ambao hutaga mayai yao katika viwavi na hivyo kumsaidia mkulima bila malipo.

Ni wajibu wa kila katibu kuwasomea wanachama maelezo haya kabla ya msimu, ili shilingi ya dawa itolewe pale tu adui anapojulikana.