CHETI CHA MTOTO: KUTOKA BENCHI LA UMURENGE HADI WODI YA WAZAZI

Ndugu msomaji, na hasa wewe mama unayetarajia kujifungua katika miezi hii, nakuomba usiupite ukurasa huu kwa kudhani kwamba kompyuta za serikali ni mambo ya vijana wa Kigali peke yao. Jambo ninalotaka kulieleza linaanzia katika kanga na kitanda cha hospitali, nalo linamfuata mtoto wako mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Mimi nilifundisha shule ya msingi kwa miaka michache kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali, na mpaka leo watu wa kwetu huniita mwalimu. Kazi yangu ya kwanza ofisini ilikuwa kupokea watu mlangoni na kuandika katika daftari. Mwaka 2018 alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mtoto mchanga mgongoni, akitaka kumwandikisha. Mwandikishaji hakuwapo, alikuwa mkutanoni wilayani. Nikamwambia arudi. Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika. Nikamwambia arudi tena. Mara ya tatu alihudumiwa, nami ndiye niliyemwandikia karatasi ya maelezo, na katika haraka yangu nikaweka L mahali pa R katika jina la mtoto. Wasemaji wa Kinyarwanda watanielewa, maana herufi hizo mbili katika vinywa vyetu ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kompyuta haina huruma ya namna hiyo. Kosa lililoandikwa katika daftari hubaki katika daftari. Kosa lililoingizwa katika mtambo humkuta mtoto kila mahali panaposomwa jina lake.

Wakati ule, sheria iliwapa wazazi siku 30 za kumwandikisha mtoto, na mahali pa kufanyia hivyo palikuwa ofisi ya umurenge. Nchi yetu ina wilaya 30 na mirenge 416, na umurenge mmoja waweza kuwa na vilima vingi. Mama aliyetoka juzi uzazini, ambaye kidonda chake hakijapona, ndiye aliyetakiwa kupanda na kushuka vilima hivyo. Tukishangaa kwa nini watoto wengine walifika umri wa shule bila cheti, tulikuwa tunashangaa kazi ya mikono yetu wenyewe.

Badiliko lilikuja mwaka 2020. Sheria ya watu na familia ilirekebishwa mwezi wa Februari, na tangu Agosti mwaka ule mtoto huandikishwa palepale anapozaliwa, katika hospitali au kituo cha afya, kabla mama hajarudi nyumbani. Hali kadhalika, vifo vinavyotokea hospitalini huandikishwa hukohuko. Habari huingizwa katika kompyuta na kufika katika hifadhi moja ya taifa. Ukitaka cheti chenyewe, unakiomba kupitia Irembo.

Neno hili Irembo wengi mnalijua. Ni lango la ua wa nyumba, na ndilo linalotajwa pale ukoo wa kijana unapokwenda kubisha hodi kwa ukoo wa binti, tunaposema wamekwenda gufata irembo. Serikali iliweka mkataba na kampuni ya kuujenga mtandao huo mwaka 2014, na huduma zikaanza mwaka uliofuata. Leo mtu huomba humo vyeti vya namna nyingi, hujiandikisha kwa mtihani wa udereva, hulipa mituweli ya nyumba yake. Mwenye simu ndogo isiyo na intaneti anaweza kupata baadhi ya huduma hizo kwa kubonyeza *909#. Malipo hufanywa kwa momo. Ni kazi kubwa, na anayeidharau hajapata kukaa kwenye benchi letu la zamani.

Hata hivyo, lango halijifungui lenyewe. Simu yenye intaneti haimo katika kila nyumba, na nyumba nyingi zilizo nayo, simu hiyo ni ya baba na hutoka naye asubuhi. Serikali iliona tatizo hili. Mwezi wa Desemba 2019 ulianzishwa mpango wa Connect Rwanda wa kuzipatia familia simu za kisasa, na mwaka 2023 ukafuata wa pili, ambapo mwananchi aliweza kuchukua simu kwa kutoa faranga 20,000. Ambaye bado hana huenda kwa wakala, kijana mwenye kibanda na kompyuta sokoni. Mawakala wengi ni watu wema. Lakini nimewaona akina mama wakimpa wakala simu pamoja na namba ya siri ya momo, kana kwamba wanamkabidhi mtoto wa jirani.

Na huku maofisini tumejifunza udhuru mpya. Zamani tulisema, "Mkubwa hayupo." Siku hizi twasema, "Mtandao hakuna." Mama aliyetembea saa mbili hasikii tofauti yoyote.

Hapa ndipo ninapotaka kuwagusa viongozi, nami nasema kwa heshima. Tangu mwaka 2006 mameya wetu hutia saini imihigo mbele ya Rais, wakiahidi watakayoyatimiza katika mwaka, na utaratibu huo umeyasukuma mambo mengi, kwani kiongozi hukumbuka kile atakachoulizwa. Lakini hatujazoea kuhesabu safari za bure za mwananchi. Nilipata kufanya kazi chini ya gitifu mmoja ambaye, juma lake la kwanza, hakuingia ofisini. Alikaa nje kwenye benchi na daftari la shule, akimwuliza kila aliyefika: umetoka wapi, unataka nini, ni mara ya ngapi? Sisi makarani tuliona aibu, wengine wakanung'unika. Baada ya hapo aliagiza kwamba mtandao ukikatika, karani achukue maelezo kwenye karatasi pamoja na namba ya simu, ayaingize mwenyewe utakaporudi, na mwananchi aende zake nyumbani. Siku ya soko alihamishia meza moja sokoni. Hakununua kompyuta hata moja. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uvumbuzi kuliko mingi niliyoisikia katika semina.

Sasa turudi nyumbani. Mama, unapofunga mfuko wa kwenda kujifungulia, pamoja na kanga na sabuni, weka vitambulisho vyenu wazazi wote wawili. Kubalianeni jina la mtoto mapema, mliandike kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, mmpe mwandikishaji anakili kutoka hapo, badala ya kulisikiliza kwa masikio katika kelele za wodi. Kabla hajathibitisha, mwombe akusomee herufi moja moja. Usione haya, ni haki yako. Kwa wakala, bonyeza namba ya siri kwa mkono wako mwenyewe, na ujumbe wa malipo usiufute. Tena nunua daftari dogo, uandike humo namba za vitambulisho na za mituweli za watu wote wa nyumbani, kwani simu huanguka majini na kumbukumbu zake zikazama nazo.

Yule mama wa mwaka 2018 nilikutana naye sokoni miezi michache iliyopita. Alikuwa na mtoto wa pili, aliyezaliwa 2022 na kuandikishwa kituo cha afya siku ya pili. Alinionyesha cheti katika simu ya binti wa dada yake, kila herufi mahali pake. Nikamwuliza habari za yule mkubwa.

"Mwalimu," akasema, "yule bado ana L yako."

Kulirekebisha jina ni safari ndefu kuliko kuliandika, na hakuwa amepata nafasi ya kuianza. Nimemwambia aje Jumanne na vitambulisho. Fomu nitamjazia mimi mwenyewe, na hatakaa kwenye benchi.